TUSIIFANYE KADARI KUWA KIFUNIKO CHA UZEMBE WETU BARABARANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Himdi zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Somo la leo ni refu, naomba subira yenu. Ndani yake kuna jambo langu mwenyewe nililokaa nalo miaka 7. Mimbarini kwetu nimeshalisema, lakini humu sijawahi kuliandika.

Wiki iliyopita tulimswalia kijana wa bodaboda ambaye hata miaka 25 hakuifikisha. Aligongwa usiku, akapiga kichwa kwenye lami. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila ilikuwa imening'inia kwenye usukani wa pikipiki. Tulipokuwa tunatoka makaburini nilisikia watu wakipeana mikono na kuambiana, "Siku yake ilikuwa imefika."

Maneno hayo ni ya kweli. Hakuna nafsi inayokufa ila kwa idhini ya Allah. Lakini katika miaka yangu ya uimamu nimezika watu wengi waliokufa barabarani, na kila mara neno hilo ndilo linalofunga mazungumzo. Tukishalisema, hakuna tena anayeuliza gari lilikuwa katika mwendo gani, taa zilikuwa zinawaka au la, dereva alikuwa amelala saa ngapi. Tunakunja jamvi, tunakwenda nyumbani, na wiki inayofuata tunachimba kaburi jingine.

Na mimi nimewahi kulitumia neno hilo kujifunika. Kisa chenyewe ni hiki.

SAFARI YA MAZISHI

Ndugu mmoja wa msikitini kwetu alifiwa na mama yake kijijini, mbele kidogo ya Korogwe. Tukakodi Coaster, tukajaa. Tulipanga kuondoka Tanga mara baada ya Adhuhuri, lakini mnayajua mambo yetu. Huyu kaenda kuchukua kanzu, yule anasubiriwa kwenye kona, mchango wa nauli haujatimia. Tukaondoka tumechelewa karibu saa nzima. Maziko yalipangwa baada ya Alasiri, na mimi ndiye niliyetarajiwa kuswalisha jeneza.

Dereva alikuwa kijana mtulivu. Kwenye vibao vya 50 alipunguza mwendo. Kwenye mstari usiokatika alikaa nyuma ya malori akisubiri. Tulipokwisha kupita Muheza tukakuta malori yamefuatana, yamebeba mizigo mizito, yanakwenda polepole. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nikatazama saa, nikamwambia, "Kijana, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kuliharakisha jeneza. Ongeza mwendo, usitucheleweshe."

Nyuma wakaitikia, "Kweli kabisa, shekhe! Kanyaga, kijana!"

Akakanyaga. Lori la kwanza alilipita salama, na la pili pia. La tatu alilipita kwenye kilima, mahali ambapo huoni kinachokuja upande wa pili. Akatokea mtu wa pikipiki, yuko kwenye upande wake, katika mwendo wake wa halali. Akatukwepa, akatoka nje ya lami, akaligonga kalavati. Gari letu halikupata hata mkwaruzo.

Tulimkuta yu hai, mguu wa kulia umevunjika vibaya sana. Baadhi yetu tulishuka kumsaidia. Baadhi, Allah atusamehe sote, walibaki ndani wakisema, "Tumwachie mtu mmoja, sisi twendeni, tutakosa maziko." Yaani tulikuwa na haraka ya kumfikia maiti, na aliye hai amelala mbele yetu anavuja damu.

Maziko tuliyakosa. Siku chache baadaye madaktari wakaukata mguu wake juu ya goti.

Nilipokwenda hospitali kumtazama nilimkuta mkewe amekaa pembeni ya kitanda. Nikamwambia maneno niliyozoea kuwaambia watu, "Mama, subiri. Hii ni kadari ya Allah."

Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Shekhe, kadari tumeipokea. Ule mwendo ulikuwa wa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikasoma dua, nikaaga.

NILICHOKIFICHA

Nilipotakiwa kuandikisha maelezo polisi, nilieleza lori, nikaeleza kilima, nikaeleza pikipiki. Yote niliyosema yalikuwa kweli, ila sikueleza nilichomwambia dereva. Hakuna aliyeniuliza, nami nikajituliza kwamba maadamu sikuulizwa, basi sikusema uongo.

Kijana yule akatiwa hatiani. Akalipa faini, akazuiwa kuendesha kwa muda, na mwenye gari akamwachisha kazi. Mimi nikaendelea kuswalisha. Watu wakaendelea kuniita shekhe na kunibusu mkono.

Ndugu zangu, kuna dhambi ambayo mtu huisikia hasa anaposimama mbele ya watu. Kila nilipokuwa nasoma khutba kuhusu ukweli, nilikuwa namwona yule kijana.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda kwa maalim wangu aliyenifundisha chuoni tangu nikiwa mdogo. Allah amrehemu, sasa ametangulia. Nikamsimulia yote. Nikamalizia kwa kusema, "Lakini maalim, si ilikwisha andikwa?"

Akanijibu kwa kuniuliza kama nakumbuka safari ya Sayyidna Umar (r.a.) ya kwenda Sham. Nikamwambia nakumbuka, ndiye aliyenifundisha mwenyewe. Umar alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuwa tauni imeingia Sham. Akashauriana na maswahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kuwa ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde la pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine mkavu. Akichungia huku au kule, yote ni kwa kadari, lakini mchungaji ana macho ya kuchagua. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Maalim akasema, "Umar hakuingia kwenye tauni kisha akaiita kadari. Nyinyi mliingia kwenye kilima kwa miguu yenu wenyewe. Kadari huaminiwa kabla ya jambo na hutuliza moyo baada ya jambo. Haikuwekwa ili mtu aitumie kuukataa uovu wa mkono wake."

Kisha akanigusa penye kidonda. Akaniambia hadithi ya kuharakisha jeneza nimeiweka pasipo pake. Mtume (s.a.w.) ameeleza ndani yake kuwa maiti akiwa mwema mnampeleka kwenye kheri, na akiwa kinyume cha hivyo mnaitua shari kutoka shingoni mwenu. Hapo wanazungumzwa watu wanaobeba jeneza mabegani, watembee kwa bidii bila kulitikisa, na wafiwa wasimcheleweshe maiti bila sababu. "Wapi ndani yake umeona ruhusa ya kulipita lori kilimani?"

Nikauliza nifanye nini. Akasema, "Anza kwa aliyebeba mzigo wako."

NYUMBA MBILI NILIZOZIENDEA

Nilianza kwa dereva. Nikamwomba msamaha, nikamwambia niko tayari kwenda kueleza popote kuwa mimi ndiye niliyemhimiza. Akasema, "Shekhe, usukani nilikuwa nao mimi." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Ila siku ile ulipotaja hadithi, niliona nikikataa nitakuwa nimeyakataa maneno ya Mtume."

Wallahi, neno hilo lilinichoma kuliko lile la hospitali. Enyi wenzangu mnaofuatwa na watu, masheikh, walimu, wazee wa familia, tajiri mwenye gari, lizingatieni. Kijana alikuwa anaijua sheria ya barabara na alikuwa anaifuata. Mimi ndiye niliyemtoa humo kwa kutumia jina la dini.

Kwa mwenye gari nako nilikwenda nikamweleza, na kijana akarudishiwa kazi muda wake wa kuzuiwa ulipomalizika.

Nyumba ya pili ilikuwa ya yule ndugu aliyepoteza mguu. Nilimweleza yote mbele ya mkewe, sikujitetea. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Yule mama mliyekuwa mnakwenda kumzika, alizikwa lini?"

Nikamwambia, "Siku ileile. Wanakijiji walimswalia Alasiri wakamzika."

"Bila nyinyi?"

"Bila sisi."

Akatikisa kichwa. Hakusema kama amenisamehe. Alisema, "Basi yaseme hayo msikitini, watu wayasikie kwako wewe." Msamaha alikuja kuutamka baadaye sana, kwa hiari yake, nami namshukuru Allah. Kisa hiki nakiandika kwa idhini yake na ya dereva, bila majina.

HESABU YA DAKIKA 6

Msikitini kwetu kuna mzee aliyeendesha malori miaka mingi. Baada ya khutba ile alinifuata, akaniuliza, "Shekhe, mlikuwa mmebakiza kilomita ngapi?" Nikamwambia kama 40. Akapiga hesabu palepale. Kilomita 40 kwa mwendo wa 80 ni dakika 30. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 24. Akasema, "Mlikuwa mnatafuta dakika 6."

Dakika 6, ndugu zangu. Tulipoteza zaidi ya hizo tukimsubiri mtu mmoja aliyekwenda kuchukua kanzu.

Kisha akanionyesha jambo ambalo tangu siku hiyo nawafundisha vijana. Msikiti wetu, kutoka mihrabu hadi ukuta wa nyuma, ni kama mita 22. Gari likienda 80 kwa saa, kila sekunde moja linakata mita 22. Maana yake kila unaposema "Subhanallah" mara moja, gari limeshaumaliza msikiti mzima.

Mtu aliye macho, akiona hatari, huchukua kama sekunde moja na nusu mpaka mguu wake uibonyeze breki. Gari limeshakwenda msikiti mmoja na nusu bila breki kuguswa. Baada ya hapo breki nazo, hata lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzima, zinahitaji karibu msikiti mmoja na nusu mwingine. Mvua ikinyesha au tairi zikiwa vipara, hesabu inaongezeka. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya breki hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka mara nne.

Na kupita lori je? Lori linakwenda 60, wewe 80. Kulimaliza na kurudi upande wako kwa usalama kunachukua kama sekunde 9. Anayekuja mbele yako naye akiwa na 80, kila sekunde mnakaribiana kwa mita 44. Unahitaji mita 400 za barabara iliyo wazi na unayoiona kwa macho yako. Kilimani unaziona ngapi? Ule mstari usiokatika hakuuchora askari ili apate faini. Kuna mtu aliyeipima barabara, akakuta kuwa hapo macho hayafiki.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilieleza kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga.

MAFUNDISHO TULIYONAYO TAYARI

Wako wanaodhani mambo haya ni ya trafiki, hayahusu dini. La. Tazama tulichofundishwa.

1. Utulivu ni ibada. Mtume (s.a.w.) amekataza kukimbia hata kuiwahi swala iliyokwisha kimiwa. Tuende kwa utulivu, tutakachokiwahi tuswali, kilichotupita tukamilishe. Ikiwa swala yenyewe haikimbiliwi, vipi unamwambia bodaboda apite taa nyekundu ili uwahi khutba? Na mwezi wa Ramadhani, zile dakika kabla ya Magharibi, barabara zetu zinatisha. Futari haikimbii, nia ya funga unayo, na tende moja mfukoni inatosha kukufuturisha popote adhana itakapokukuta.

2. Mjali uliyembeba. Anjasha alikuwa akiwaendesha ngamia waliobeba wanawake, na ngamia wakaongeza mwendo. Mtume (s.a.w.) akamwambia apunguze, akawafananisha waliobebwa na vyombo vya kioo. Ndugu dereva wa daladala, ndugu wa bodaboda, abiria wako ni kioo. Ndugu mzazi, mtoto uliyempakata kiti cha mbele bila mkanda naye ni kioo. Gari likisimama ghafla, mikono yako haitamzuia.

3. Ukisinzia, simama. Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kuwa mwenye kusinzia ndani ya swala aende akalale mpaka usingizi umtoke, asije akakusudia kuomba maghufira akajikuta anajiapiza. Ikiwa kwa swala ni hivyo, usukani ni zaidi. Wako wanaokesha kwenye kisimamo cha usiku, wanakula daku, kisha alfajiri wanaanza safari ya masaa 5. Kahawa na redio haviondoi usingizi. Kinachouondoa ni kulala. Egesha mahali salama, lala hata dakika 20.

4. Usilale njiani, na gari lako lisilale njiani. Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa msafiri akitua usiku ajiepushe na njia, kwani ni mapito ya wanyama. Leo lori linaharibika usiku, linaachwa nusu liko juu ya lami, halina taa, limewekewa matawi mawili ya mti. Anayekuja nyuma hana msikiti mmoja wa kuona. Kama linasukumika, litoeni kabisa nje ya barabara. Kama halitoki, wekeni alama inayong'aa mbali nyuma yake. Na tunajua kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani. Basi anayekiweka chenye kudhuru njiani yuko wapi?

5. Simu. Ukisoma ujumbe kwa sekunde 5 ukiwa kwenye 80, umekwenda zaidi ya mita 110 macho yako hayapo. Ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Mwombe rafiki yako akuvumilie dakika 10. Na wewe unayepiga, ukijua mwenzio anaendesha, kata.

6. Kofia ngumu na mkanda ndiyo kumfunga ngamia. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza yule aliyeuliza kuwa amfunge kwanza ngamia wake, kisha ategemee. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani ni ngamia asiyefungwa. Kofia ambayo mkanda wake wa kidevu haukufungwa hali kadhalika, itaruka kabla hujafika chini. Na "mishikaki" ya watu watatu juu ya pikipiki, kofia moja au hamna kabisa, siyo tawakkul.

7. Abiria, msinyamaze. Katika Coaster yetu tulikuwa watu wengi, wenye ndevu nyeupe wengi, na hakuna aliyesema "Kijana, punguza." Waliofungua vinywa walisema "Kanyaga." Kukataza baya hakuishii kwenye pombe na kamari. Mwambie dereva kwa adabu, "Baba, tupeleke taratibu, hatuna haraka." Akikataa, shukeni. Na ile tabia ya madereva kuwashiana taa kuambiana kuwa mbele kuna tochi, ifikirieni vizuri. Unamsaidia nani? Ukimwona mwenzako anapaa, unampa nafasi ya kupunguza kwa dakika mbili kisha apae tena kuelekea kwenye watoto wa shule. Allah ameamrisha katika Surat al-Maida tusaidiane katika wema, tusisaidiane katika dhambi.

8. Waenda kwa miguu nao wana wajibu. Dada zetu wanaokwenda Alfajiri wakiwa na mabuibui meusi, dereva anawaona wakiwa wameshakaribia mno. Bebeni tochi, hata ya simu. Tembeeni upande wa kulia ili magari ya upande wenu mtazamane nayo, kwa kuwa kwetu magari hupita kushoto. Na watoto wa madrasa wasivuke peke yao barabara kuu. Kila madrasa iliyo kando ya lami iwe na mtu mzima wa kuwavusha.

MAHAKAMA YA DUNIA HAIMALIZI YOTE

Jambo hili madereva wengi Waislamu hawalijui, au wanalijua na kulikimbia. Ukimuua mtu kwa kukosea, Surat An-Nisaa aya ya 92 imeweka hukumu. Kuna diya kwa watu wa marehemu, isipokuwa wakisamehe wenyewe. Na kuna kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi 2 mfululizo. Kusamehewa na familia hakuiondoi kafara, kwani hiyo ni haki ya Allah. Faini ya mahakama nayo siyo kafara. Na bima ikilipa, nafsi yako bado inadaiwa toba.

Kama limekupata jambo hilo, usijifutie kesi mwenyewe kwa kusema "ilikuwa bahati mbaya." Nenda kwa mwanachuoni unayemwamini, mweleze kila kitu, mwendo wako, simu yako, usingizi wako. Akikwambia kuna sehemu yako, itekeleze. Akikwambia huna kosa, utalala kwa amani.

Na kama wewe hukushika usukani lakini ulisukuma, kama mimi, usisubiri uulizwe.

Ndugu zangu, kila tunapopanda chombo tunasoma ile dua ya Surat az-Zukhruf. Tunamtakasa aliyetutiishia chombo hiki, tunakiri kuwa kwa uwezo wetu tusingeweza, kisha tunamalizia kwa kukumbuka kuwa kwa Mola wetu tutarejea. Siku ile ndani ya Coaster niliisoma kwa sauti, watu wote wakaifuata. Baada ya saa moja nikamwambia kijana wa watu aongeze mwendo.

Yule ndugu aliyepoteza mguu anaswali kwetu kila Ijumaa. Anakaa kwenye kiti, safu ya kwanza, upande wa kulia. Kila ninapogeuka kuwaambia watu wanyooshe safu, yeye ndiye wa kwanza ninayemwona.

Ewe Allah, tupe yakini katika kadari yako na uangalifu katika matendo yetu. Wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani. Warehemu waliokufa barabarani, waponye waliojeruhiwa, wape subira wajane na mayatima wao. Tusamehe sisi tuliowadhuru wenzetu kwa haraka zetu, na utupe ujasiri wa kukiri kabla ya siku ambayo viungo vyetu vitatushuhudia. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Ukiona lina faida, mfikishie dereva unayempenda. Kabla hajawasha gari, siyo akiwa njiani.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.